Reli Ifike Kisiwani

Kabla ya 2017, msafiri wa Mji wa Kale alifika stesheni ya Mombasa, Barabara ya Haile Selassie, kwa miguu au kwa tuktuk. Treni yenyewe ilijikokota usiku kucha, na mara nyingi ilichelewa kufika Nairobi. Lakini ilianzia kisiwani, pale pale ujenzi wa reli ulipoanzia 1896.

Tangu mwaka huo, treni ya Madaraka Express imebadili safari hiyo. Kilomita zipatazo 470 huchukua muda wa saa tano hadi sita. Abiria wa dirishani huwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la huko, bila hofu ya malori ya barabara kuu. Watoto hutembea behewani, wazee hunyoosha miguu. Basi halina raha hiyo.

Adha iko mwanzoni.

Stesheni mpya iko Miritini, bara, ng'ambo ya daraja la Makupa. Mwenye tiketi ya saa tisa alasiri hutoka nyumbani mapema, avumilie msongamano wa Changamwe, kisha apange mizigo chini inuswe na mbwa wa usalama. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Ukiongeza teksi, familia ya watu watano huumia.

Shirika la Reli la Kenya lina njia ya zamani inayoingia kisiwani. Liipangie treni ya kuaminika kwa kila Madaraka inayoondoka au kuingia, hata ile inayofika kabla ya alfajiri, na tiketi moja itoshe safari nzima.