Plagi hazina kosa, methanoli inataka joto

Leo nimechelewa kuandika. Tangu asubuhi nilikuwa gereji na vidole bado havijarudi sawasawa, baridi ya hapa Indiana haina masihara. Baba wa jamaa ninayekaa naye chumba kimoja ana gari la mbio za udongo, linakunywa methanoli. Wakataka kuliwasha, nje nyuzijoto 4. Likagoma.

Zikasingiziwa plagi, zikabadilishwa zote nane. Wapi! Mzee akaamua kuongeza mafuta, akaongeza tena. Mwishowe tukafungua oili, inanuka methanoli tupu.

Mimi nasema wazi: kuongeza mafuta kwenye injini baridi ya methanoli ni kuiua taratibu. Kinachowaka ni mvuke, siyo majimaji. Petroli ina sehemu nyepesi zinazogeuka mvuke hata kwenye barafu. Methanoli ni kitu kimoja tu, na chini ya nyuzijoto 11 hivi haitoi mvuke wa kutosha kushika moto. Yale majimaji yanaosha oili kwenye kuta za silinda, pistoni inasugua chuma kikavu.

Halafu piga hesabu. Kilo moja ya methanoli inameza kama kilojuli 1,100 ili igeuke mvuke, petroli kama 350. Tena kwa hewa ileile unahitaji methanoli zaidi ya mara mbili. Jumla yake, joto linalomezwa ni karibu mara saba! Ndiyo maana wanamashindano wanaipenda: inapoza hewa, hewa inajaa zaidi, injini haigongi. Sifa ileile asubuhi ya baridi inageuka adui.

Kuna watakaosema nunua nozeli nzuri. Kweli, tone likipungua upana kwa nusu, mafuta yaleyale yanapata eneo mara mbili la kutoa mvuke. Lakini pampu ya magari haya inazungushwa na injini yenyewe. Wakati wa kuwasha inazunguka polepole, presha hakuna, nozeli nzuri nayo inadondosha matone manene. Na hata ukungu mwembamba ukitua kwenye chuma baridi unarudi kuwa maji.

Kwa hiyo dawa ni joto kwanza: pasha oili na injini, washia petroli kidogo ya kupima, ikishapata moto ndiyo uhamie methanoli. Siyo uvumbuzi wangu. Magari ya methanoli ya California miaka ya 1980 na 1990 yalitumia sana M85, yaani petroli asilimia 15, na kuwaka kwenye baridi ni sababu mojawapo.

Jioni walipasha oili wakafuata njia hiyo, ikanguruma. Mzee hakusema kitu, alinipa kahawa tu. Ila oili chafu ilikuwa bado ndooni pale, na silinda zimekwaruzika kiasi gani tutajua wakifungua.

Wewe ungeanza na plagi?