Ngazi Haijaribiwi Ikiwa Imelala

Fundi akimaliza kuunda ngazi, huilaza juu ya matofali, moja kila mwisho, kisha huita vijana watatu wasimame katikati. Wakirukaruka na isisikike ikilia, kazi imekubalika. Mteja analipa, ngazi inafungwa juu ya gari dogo la Kirikuu, na kesho yake kuna mtu juu yake mbele ya kioo cha ghorofa ya pili, ndoo mkono huu, mpira wa kufutia mkono ule.

Jaribio hilo linaaminika kuliko cheti chochote cha kiwandani. Wenye kampuni za usafi hulitaja, wasimamizi wa majengo hulikubali, na mpandaji mwenyewe hujipa moyo nalo. Imani yenyewe ni fupi: ngazi ni mihimili miwili na vipago, iliyobeba watatu haiwezi kushindwa na mmoja. Ni imani mbovu, na ubovu wake unaonekana hata bila kwenda maabara.

Ngazi nyingi za mbao zinazoundwa mtaani zina vipago vilivyopigiliwa misumari juu ya uso wa mihimili. Ikiwa imelala, uzito wa vijana wale unakikandamiza kipago kwenye mhimili, mbao juu ya mbao. Misumari haina kazi yoyote pale. Hata ikichomolewa, vijana wataendelea kusimama. Isimamishe sasa ukutani. Uzito uleule unakisukuma kipago kishuke kufuata mhimili, na kinachokizuia ni misumari peke yake, miwili huku na miwili kule, ndani ya mbao ambayo huenda ilianza kupasuka siku ilipopigiliwa. Jaribio limepima uimara wa mihimili, na kwa hilo ni jaribio kali kweli, kwa sababu ngazi iliyolala hupinda kuliko iliyosimama. Ila kiungo ambacho kikiachia mtu anaanguka hakijaguswa.

Hapa hutokea wa kusema kwamba hizi ni kasumba za kuabudu vya kutoka nje. Basi na tutazame huko nje. Marekani haikatazi ngazi za kuundwa kwenye eneo la kazi; ina viwango mahususi kwa ajili yake. Kanuni zake za zamani za ujenzi zilitaka kipago kizamishwe nusu inchi ndani ya mhimili, au vipande vya mbao vijazwe kati ya kipago na kipago, ili uzito ushuke kwa mbao na usiachiwe msumari. Ni kazi ya patasi na msumeno, ambayo seremala yeyote wa Keko au Gikomba anaiweza kabla ya chai ya saa nne. Na kipimo cha uzito? Kwa kawaida ngazi inatakiwa ibebe mara 4 ya mzigo uliokusudiwa, ikiwa imeegemezwa kwa nyuzi 75 na nusu. Mtu na ndoo yake wakifika kilo 100, mara 4 yake ni mifuko 8 ya saruji. Vijana watatu, hata watano, hawafiki.

Kwa hiyo ugomvi si na fundi. Ugomvi ni na anayempa kazi bila kumwambia ngazi itabeba nini, itasimama wapi, na itaunganishwa na nini.

Kuunganisha ndiko kwenye balaa kubwa zaidi. Msafisha vioo leo yuko kwenye duka la ghorofa moja, kesho kwenye hoteli ya ghorofa tatu, na gari lake ni dogo. Anahitaji ngazi ya vipande. Wenzake wa Marekani wametumia vipande vya namna hiyo kwa miaka mingi: cha chini ni kipana, cha juu huchongoka ili kiegemee kwenye fremu nyembamba kati ya kioo na kioo, na kila kimoja huchomekwa kwenye kingine kwa kiungo kilichobuniwa kwa kazi hiyo. Anayeiga kwa macho huona umbo tu. Huku kwetu kiungo huwa ni bomba dogo ndani ya bomba kubwa, au ngazi mbili zimefungwa kwa kamba.

Hesabu yake haihitaji injinia. Chukua ngazi ya mita 6 yenye kiungo katikati, mtu na vifaa vyake wana kilo 90, naye amesimama hapo hapo kwenye kiungo. Mguu wa ngazi ukiwa umbali sahihi, yaani mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu, bomba zilizoingiliana sentimita 20 tu zinakabwa kwa nguvu ya takribani kilo 165, inayogawanywa kati ya mihimili miwili. Zingeingiliana sentimita 90, ingekuwa kama kilo 36. Mguu ukivutwa nje mpaka ngazi ilale kwa nyuzi 60, labda kwa sababu kuna bustani au gari limeegeshwa, kile kiungo kifupi sasa kinabeba zaidi ya kilo 330. Na hapo mtu bado hajajinyoosha pembeni kufikia kona ya kioo, jambo ambalo msafisha vioo hulifanya kutwa nzima na ambalo hutupa uzito karibu wote kwenye mhimili mmoja. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinakataza kufunga ngazi kwa ngazi ili kuongeza urefu, isipokuwa zimeundwa kwa ajili hiyo.

Wanaojiona wameepuka mbao kwa kuchomelea alumini hawajapona. Alumini inayotumika kwa ngazi hupata ugumu wake kwa kupashwa moto kwa mpangilio maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea huulainisha tena, na pembeni mwa kiungo nguvu inaweza kushuka karibu nusu. Viwanda vingi hubana ncha za vipago na kuzitanua ndani ya tundu la mhimili, bila moto kabisa. Bomba za chuma nazo, kwa hewa ya chumvi ya Mombasa na Dar es Salaam, huliwa na kutu kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Rangi! Marekani hairuhusu ngazi ya mbao ipakwe kitu kinachoficha kasoro. Sisi tunaipaka ili ionekane mpya.

Mtu akianguka, neno la kwanza ni kwamba aliteleza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003, na ile ya Kenya ya 2007, haziishii hapo. Zinamdai mwajiri vifaa salama. Lakini kibarua aliyeletwa na mkandarasi mdogo, bila mkataba, mara nyingi hana hata wa kumtaja.

Hoja ya bei inabaki, na ni ya kweli: ngazi ya kiwandani ni ghali. Ila nafuu haiko kwenye ngazi ya kubahatisha. Kanuni za Uingereza za kazi za juu, za 2005, zinaanza kwa kutaka kazi ifanyike chini pale inapowezekana, na wasafisha vioo wengi huko wamehamia kwenye fimbo ndefu zinazopitisha maji yaliyochujwa madini, ambayo hukauka bila kuacha alama. Kwa maji ya visima vyetu mchujo ni wa lazima, la sivyo kioo kinabaki na madoa meupe, na mtambo wake si wa bei ya chini. Kwa ghorofa ya kwanza, hata hivyo, fimbo ya kuvuta yenye mpira kichwani, ndoo ya maji ya sabuni na miguu miwili iliyokanyaga lami vinatosha. Ikibaki kona isiyofikika, ipandiwe ngazi ya kipande kimoja, yenye vipago vilivyozamishwa, na isipakwe rangi.