Mboga za Mchana Zianzie Ndani ya Madrasa Yetu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyetuumba na akaturuzuku. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wetu watukufu na vijana wetu wapenzi, katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za mitihani na mashindano ya kuhifadhi Qur'an. Mwaka huu tunaomba mtuvumilie, kwani tunataka kuzungumzia sinia la chakula cha mchana.

Mnajua kwamba siku za mwisho wa wiki, na siku za daura wakati wa likizo, watoto hukaa nasi tangu asubuhi hadi baada ya Alasiri. Wakishaswali Adhuhuri hukaa kwenye masinia. Chakula huwa ni makande, au ugali na maharage, na tunamshukuru Allah (S.W.) kwa neema hiyo, kisha tunawashukuru nyinyi mnaochangia. Wakati wa masika, mboga zinapokuwa nyingi sokoni Kilombero, mama zetu wa jikoni huongeza sukuma wiki au mchicha. Lakini kiangazi kikishika, fungu la mboga linakuwa dogo na bei inakuwa kubwa, na kitu cha kwanza tunachokikata kwenye bajeti ya jiko ni mboga. Mwaka jana zilipita wiki tatu mfululizo bila jani la kijani kwenye sinia. Watoto hawakulalamika, maana walishiba. Sisi walimu ndio tuliopaswa kuuliza, na hatukuuliza upesi.

Maharage ni chakula kizuri, yana protini na yana madini ya chuma yanayojenga damu. Lakini madini hayo mwili hauyapokei vizuri peke yake. Yanahitaji kusindikizwa na vitamini C, ambayo maharage makavu hayana, ila hupatikana katika mboga za majani, nyanya na limao. Mtoto anayekula maharage matupu na kuteremshia chai ya rangi anapunguza zaidi kile anachokipata, kwa sababu chai huzuia madini hayo. Binti aliyeanza kuingia hedhi ndiye anayeumia zaidi. Kisha sisi tunamwona anasinzia kwenye darsa la tajwidi, tunamwambia ni mvivu!

Tunaishi wapi?

Jambo hili linatia aibu zaidi tukikumbuka mahali tunapoishi. Tuko chini ya Mlima Meru, kwenye udongo wa volkano wenye rutuba. Soko la Tengeru hujaa mboga kila Jumatano na Jumamosi. Hapo hapo Tengeru, tangu mwaka 1992, kipo kituo cha utafiti cha Shirika la Mboga Duniani, ambacho kimehifadhi na kuboresha mbegu za mboga zetu za asili kama mnafu, mchicha na ngogwe. Ukipita barabara ya kwenda Moshi utaona mabanda ya nailoni yanayolimwa maua ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Waridi linapata maji, mbolea na paa la kulikinga, na mtoto wa jirani anakula maharage matupu. Je, tatizo ni ardhi yetu au ni sisi?

Wengine watasema: "Madrasa haina shamba." Ni kweli. Uwanja wetu ni wa saruji, na ukuta wetu umegusana na ukuta wa jirani. Lakini madrasa isiyo na shamba ina ghala, ina jiko, ina baraza, na ina mahali pa kutawadhia. Tunaona hivyo vinne vinatosha kuanzia.

Kinachoota ndani na kisichoota

Tuseme ukweli kwanza. Tulipoanza kujaribu, tulipanda mchicha kwenye makopo tukauweka ndani ya darasa, nyuma kabisa. Uliota, ukarefuka kama nyuzi, ukawa mweupe, kisha ukalala. Mboga ya majani inahitaji jua, na dirisha dogo halitoshi. Sisi si mabwana shamba, na kosa hilo lilitufundisha kugawa kazi sehemu tatu.

Ya kwanza ni jikoni: choroko zilizochipuzwa. Choroko huchaguliwa, huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha humwagwa maji na kuwekwa kwenye chombo kisafi kilichofunikwa kitambaa. Husuuzwa kwa maji safi asubuhi na jioni. Baada ya siku tatu au nne, na baridi ya Juni na Julai ikizidi huchelewa kidogo, zinakuwa na mikia meupe na zimepata vitamini C ambayo hazikuwa nayo zilipokuwa kavu. Hazihitaji udongo wala jua. Ila zipikwe japo kidogo, kwani joto na unyevu vinavyoikuza choroko huvikuza na vijidudu. Na hapa tuna nasaha kwa majiko yote ya Arusha: tukizoea kuloweka nafaka na maharage usiku, hatutahitaji magadi ya kulainishia. Maji ya upande wetu wa Meru katika sehemu nyingi yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto ni ushahidi. Magadi yanaongeza floridi hiyo hiyo kwenye sufuria.

Ya pili ni ghalani: uyoga. Huu hauhitaji jua kali wala ekari. Majani makavu ya migomba, ambayo kwa Wameru hayana bei, au mabua ya maharage, hukatwakatwa, hulowekwa, huchemshwa kuua vimelea, na yakipoa huchanganywa na mbegu ya uyoga kutoka kwa wataalamu. Hujazwa kwenye ndoo safi zilizotobolewa pembeni na kuwekwa gizani. Baada ya wiki chache utando mweupe ukienea kote, chumba hupewa hewa na mwanga kidogo, hunyunyiziwa maji, na uyoga huchomoza kwenye matundu. Chumba hicho kisiwe cha kulala wala cha kusomea, kwani vumbi la uyoga husumbua vifua. Na tunawaonya vijana: msichume uyoga wa porini msioujua, upo unaoua. Wale wanaoukunjia uso wakumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) aliitaja kam'a, ambayo ni jamii ya uyoga unaoota ardhini, kuwa ni katika manna, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Ya tatu ni barazani, chini ya paa la bati lakini pale jua la asubuhi linapofika: viroba vya udongo na samadi iliyooza. Humo tunapanda mchicha, ambao huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, na mnafu, ambao ukiukata vizuri unachipua tena na tena.

Maji ya udhu

Mtatuuliza maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi. Wazazi wetu, hebu hesabuni nasi. Wanafunzi mia moja wakitawadha kwa Adhuhuri na Alasiri, kila mmoja kwa lita moja tu, ni lita 200 kwa siku. Zote zinaingia shimoni. Kiroba kimoja kikipewa lita tano, maji hayo yanatosha viroba 40.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni twahara lakini hayatwaharishi. Hayafai kutawadhia tena, lakini kumwagilia hayana ubaya. Sharti ni kwamba mfereji wake utengwe kabisa na wa chooni, na kwa sababu watu husukutua, maji yamwagwe kwenye udongo na si juu ya majani, na mboga ioshwe na kupikwa. Na tusije tukafungua bomba ovyo kwa kisingizio cha mchicha! Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita, na sunna hiyo haikuondolewa na bustani.

"Watoto wamekuja kusoma dini"

Mzazi mmoja alitwambia, kwa heshima, kwamba hakumleta mwanawe kuja kulima mchicha. Tunamheshimu, na tunajua maneno yake yana chanzo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu nyingi zimekuwa na mashamba, na nia ilikuwa njema. Lakini wengi wetu tuliosoma huko tunalikumbuka jembe kama adhabu. Uliyechelewa, ulilima. Uliyepiga kelele, ulimwagilia. Tukatoka tukiamini kwamba aliye mwema huketi darasani na mkosaji ndiye hushika udongo.

Kwa hiyo tunaweka kanuni moja tunayoomba mtusimamie: hakuna mwanafunzi atakayepelekwa kwenye viroba kwa kosa. Zamu itakuwa heshima, kwa wavulana na wasichana sawa, na walimu tutakuwa na zamu zetu.

Na je, hii si dini? Amepokea Anas bin Malik (R.A.) kwamba Muislamu akipanda kitu, na akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tunawahifadhisha watoto hadithi hiyo, wanaisoma kwa ghibu mbele ya wageni wa Maulidi, na wengi hawajawahi kupanda hata punje moja. Anas huyo huyo alisimulia alivyomwona Mtume (S.A.W.) akiyatafuta mamumunye pembezoni mwa sahani katika karamu ya fundi cherehani, na tangu siku hiyo Anas akayapenda. Hivyo ndivyo maswahaba walivyofundishwa mbele ya sahani.

Hatudai kwamba viroba 40 vitalisha watoto mia moja kila siku. Soko tutaendelea kwenda. Tunachodai ni kwamba isipite tena wiki nzima bila kitu kibichi kwenye sinia, na kwamba mtoto ajue kilikotoka.

Basi tunaomba mambo manne. Anayetupa viroba vitupu vya unga, atuletee. Mwenye ng'ombe au mbuzi, atupe samadi iliyooza. Mwenye uwezo, atoe nusu kilo ya choroko kwa mwezi. Na fundi bomba aliye miongoni mwetu, ajitolee siku moja kutenga mfereji wa udhu. Asiyekubaliana nasi, mlango wa ofisi ya walimu uko wazi, aje tushauriane.

Tunamuomba Allah (S.W.) atubarikie katika kichache, awape watoto wetu afya ya kubeba elimu wanayoitafuta, na ajaalie kila jani liwe sadaka kwa wazazi wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.