Namba ya Motokaa Si Pambo

Siku hizi limezuka neno ambalo watu wengi hulitazama kama mchezo, nami naona si mchezo. Neno lenyewe ni hili: watu wenye mali huiacha namba ambayo motokaa zao zimepewa na serikali, wakanunua kibao chenye jina lao wenyewe, au herufi walizozichagua, au tarakimu moja tu isiyo na mwenziwe. Wako wasemao kwamba jambo hili ni zuri, lina faida, wala halimdhuru mtu. Mimi nasema lina hasara, tena aipatae hasara hiyo siye aliyeketi ndani ya motokaa, bali ni yule apitaye kando ya njia kwa miguu. Yafaa tulipime pande zote mbili, maana kesi ya upande mmoja haina hukumu ya haki.

Kwanza tuulize, kibao hiki kilitoka wapi, na kiliwekwa kwa sababu gani? Motokaa zilipoanza kuonekana katika njia za Ulaya, watu walizistaajabia, tena waliziogopa. Punda akimkanyaga mtu kijijini, mwenye punda hujulikana, naye huitwa barazani. Lakini motokaa ilipita kwa mbio, ikaacha vumbi, na aliyeumia hakujua amshitaki nani. Ndipo polisi wa mji wa Paris walipotoa amri tarehe 14 Agosti 1893, kwamba kila motokaa iwe na kibao cha chuma chenye jina la mwenyewe, mahali akaapo, na namba yake, kwa maandishi yasomekayo. Waingereza nao walitunga sheria mwaka 1903, na tangu tarehe 1 Januari 1904 kila motokaa ilipaswa kuandikishwa na kuonyesha namba yake.

Mtu ataniambia, “Waona! Hata Paris walianza na jina.” Ni kweli, lakini angalia jina lile liliwekwa kwa kusudi gani. Halikuwekwa ili mwenyewe asifiwe, bali ili apate kushitakiwa. Tena kazi hiyo jina halikuiweza. Mwaka 1901 jimbo la New York, huko Marekani, liliamuru kila mwenye motokaa aweke nyuma yake herufi za kwanza za majina yake. Ikaonekana kwamba watu wengi wana herufi zile zile, na kuwapambanua ni shida. Mwaka 1903 herufi zile ziliachwa, wakapewa namba. Basi namba ilishika mahali pa jina kwa sababu ilikuwa shahidi bora kuliko jina. Kibao cha motokaa tangu mwanzo ni haki ya mtu aliye nje ya motokaa. Hiyo ndiyo asili yake, na mwacha asili ni mtumwa.

Sasa tutazame biashara iliyokuja baadaye. Serikali ya Hong Kong ilianza kunadi namba za pekee mwaka 1973. Serikali ya Uingereza ilianza kuuza za kwake mwaka 1989, na tangu hapo imepata pauni kupita milioni elfu mbili. Mwezi wa Februari 2008, huko Abu Dhabi, kibao chenye tarakimu 1 kilinunuliwa kwa dirhamu milioni 52.2, yaani kadiri ya dola za Marekani milioni 14. Mwezi wa Aprili 2023, huko Dubai, kibao cha P 7 kikaipita bei hiyo, kikauzwa dirhamu milioni 55. Kwetu Tanzania, katika bajeti ya mwaka 2016, ada ya kibao cha jina ilipandishwa kutoka shilingi 5,000,000 hata shilingi 10,000,000 kwa kila miaka mitatu.

Tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Miaka mitatu ina siku 1,095. Ukigawanya shilingi 10,000,000 kwa siku hizo, wapata shilingi 9,132 kila siku. Kila kuchapo, hata siku ambayo motokaa haikutoka bandani, mwenye kibao kwa kiwango hicho ametoa shilingi elfu tisa na zaidi. Na miaka mitatu ikiisha, huanza tena, kama mtu apangaye nyumba asiyoweza kulala ndani yake.

Je, amenunua nini? Hakununua bati, maana bati ni lile lile. Huko Kenya vibao vya motokaa kwa miaka mingi vimefanywa na wafungwa wa gereza la Kamiti, na mkono upigao chapa hauongezi mwendo wa motokaa ya mtu yeyote. Amenunua jambo moja tu, nalo ni kwamba mtu mwingine hawezi kuwa nacho. Mtu akijenga nyumba njema, jirani aweza kujenga mfano wake, na nyumba ya kwanza haipunguki uzuri. Mtu akisomesha watoto, wenzake wakasomesha pia, kijiji kizima hufaidika. Lakini kibao cha tarakimu 1, kila mtu akipewa, hakina thamani hata ya senti. Thamani yake yote imo katika kuwanyima wengine.

Huko Hong Kong wamezidi hata hapo. Tarakimu 8 hupendwa sana kwa kuwa jina lake hutamkika karibu na neno la kustawi, na tarakimu 4 huchukiwa kwa kuwa jina lake hutamkika karibu na neno la kufa. Mwaka 2016 kibao cha 28 kiliuzwa dola za Hong Kong milioni 18.1. Lakini motokaa yenye 28 ikiishiwa mafuta husimama njiani kama nyingine, na dereva wake akilewa huanguka mtaroni kama mwingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Haya, tuwasikilize wale wanaokitetea kibao hiki, maana wana maneno matatu yenye nguvu.

Neno lao la kwanza husema, “Mwacheni tajiri alipe, fedha itafanya kazi njema.” Nakiri kwamba fedha nyingine ilielekezwa kwa kazi njema. Ya mnada wa Abu Dhabi ilikusudiwa kuwatunza watu walioumizwa na motokaa, na ya Dubai ilikwenda katika mfuko wa kulisha wenye njaa. Lakini tazama jinsi neno hili lilivyopinduka. Alama iliyowekwa ili kumlinda mwenda kwa miguu inauzwa kuwa alama ya ukubwa, ili ipatikane fedha ya kumtibu mwenda kwa miguu aliyekwisha vunjwa mguu. Afadhali asivunjwe. Tena fikiri juu ya askari asimamaye njiani katika jua. Namba ya kawaida humwambia, “Hii ni motokaa fulani.” Kibao cha mamilioni humwambia, “Jihadhari, aliyemo ni mtu mkubwa.” Askari ni binadamu, ana mke na watoto, anaiogopa kazi yake isimponyoke. Je, mkono wake utainuka upesi sawasawa kwa wote wawili? Sheria yataka uinuke sawasawa, nasi tusiupe mkono ule sababu ya kutetemeka.

Neno lao la pili ni zito zaidi. Husema, “Jina hukumbukwa upesi kuliko herufi na tarakimu zilizochanganyika, basi kibao cha jina humsaidia shahidi.” Neno hili lingekuwa kweli kama jina lingeandikwa kama linavyotamkwa. Lakini sivyo. Mara nyingi majina ya vibaoni hujengwa kwa werevu, 5 ikasimama mahali pa S, 1 mahali pa I, 0 mahali pa O. Shahidi aliyeona motokaa ikipita kwa mbio jioni hukumbuka sauti ya jina, hakumbuki kwamba ile S ilikuwa 5. Akifika kituo cha polisi hutaja jina, nalo katika daftari halimo. Huko Uingereza wako hata wasogezao herufi, au kubadili umbo lake, ili zisomeke kama jina, na sheria ya huko imelihesabu jambo hilo kuwa kosa lenye faini hata pauni 1,000. Tena huko kibao cha kununuliwa huweza kuhamishwa kutoka motokaa moja kwenda nyingine kwa idhini ya ofisi, na wengine hukitumia kuficha umri wa motokaa kuukuu. Jambo hilo sheria imelifungia upande mmoja tu: huwezi kuifanya ya zamani ionekane mpya kuliko ilivyo. Sasa shahidi gani ni huyu, ambaye mwaka huu yu hapa, na mwaka ujao yuko pale?

Neno lao la tatu ni hili: “Fedha ni yangu, motokaa ni yangu, kwa nini namba isiwe yangu?” Jibu ni fupi. Motokaa ni yako, namba si yako. Hata huko Uingereza wanakoziuza, mnunuzi hapati kuimiliki namba yenyewe. Hupata haki ya kuionyesha tu, na namba hubaki mkononi mwa serikali. Wala si kwa choyo. Ni kwa kuwa namba ni neno ambalo umma humwuliza dereva, naye hujibu hata akiwa amenyamaza. Hapana mtu awezaye kuinunua haki ya jirani ya kumwuliza yeye ni nani.

Na kwamba kibao si mahali pa mzaha, alijifunza mtu mmoja wa Los Angeles, huko Marekani, mwaka 1979. Aliomba kibao cha maneno, akaandika katika karatasi maneno mawili aliyoyapenda, na mahali pa chaguo la tatu akaandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya “hapana kibao”, yaani kama hayo mawili hayapo, hataki kingine. Ofisi ikampa kibao chenye maneno hayo hayo. Basi kila askari aliyekuta motokaa isiyo na kibao imesimama pasipo ruhusa aliandika katika hati yake “hapana kibao”, na hati zote zikaenda kwa mtu yule, zikafika kadiri ya 2,500. Tucheke, lakini tusikilize pia. Neno lililo kibaoni ni neno la daftari, ukilichezea litachezea watu.

Mtu asidhani kwamba nachukia majina mazuri. Sisi watu wa lugha hii twayapenda majina tangu zamani. Majahazi yana majina yao. Kanga zina maneno yake, na mwanamke huichagua kanga kwa neno lake kama kwa rangi yake. Malori na daladala zimeandikwa methali, dua na mizaha ubavuni na nyuma, nasi twasoma tukicheka tukingojea kupanda. Hayo yote ni mema, maana apitaye hupewa neno bure, wala hakuna aliyenyimwa. Kijana aliyenunua pikipiki yake kwa jasho akitaka kuandika jina la mama yake juu ya tangi, na aandike kwa rangi nzuri aipendayo. Jina lina mahali pake, namba ina mahali pake. Jina liwe ubavuni, namba iwe kibaoni.

Tena nawaambia vijana wanaolitamani jambo hili kwa mbali. Heshima ya mtu hutangulia motokaa yake. Mganga aliyeokoa mtoto usiku wa manane hujulikana kwa mlio wa baiskeli yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayehitaji bati limtangazie watu jina lake, bado hajafanya kazi ambayo watu wangemtajia.

Basi nashauri mambo mawili. La kwanza lawahusu wenye amri: kama fedha ya matajiri yatakiwa, na itozwe kwa ukubwa wa motokaa, kwa bei yake, kwa mafuta inywayo, lakini kibao kibaki sawa kwa wote, kikipangwa kwa zamu ya kuandikishwa, aliyetangulia atangulie na aliyefuata afuate, tajiri na maskini. Hapana mahali pengi duniani ambapo mwenye lori la mahindi na mwenye motokaa ya kioo cheusi husimama katika mstari mmoja. Tusipauze mahali hapo.

La pili latuhusu sisi wenyewe, tujuao kusoma na kuandika. Barabara zapita mbele ya shule na mashamba yetu, na watoto wetu huzivuka kila siku. Kila mtoto ajuaye tarakimu na herufi na afundishwe kuisoma namba ya motokaa toka mbele mpaka mwisho, kuishika moyoni, na kuiandika mara moja, hata mchangani kwa kijiti, kabla haijamtoka. Wazee wetu wengi waliona motokaa ikimwangusha mtu na kukimbia, wakaweza kusema rangi yake tu. Sisi twaweza kusema namba. Serikali imetuandikia shahidi nyuma ya kila motokaa; kazi yetu ni kumsoma, na kuwakataza wenye fedha wasimfute.