Vipande Vishikanavyo Bila Msumari

Ndugu msomaji, itazame mbuzi ya kukunia nazi iliyomo jikoni mwako. Mbao zake zimepishana na kushikana, na kwa kushikana huko humbeba mtu mzima akikuna nazi. Fikra hiyo hiyo ya kipande kushikwa na kipande chenziwe ndiyo itumiwayo leo kuunda vitu vidogo vya nyumbani kwa mashine ya leza, yaani mashine ikatayo ubao wa plaiwudi kwa mwali mkali wa nuru, ikifuata mchoro wa kompyuta. Msumari hautakiwi, na aghalabu gundi pia.

Nami nilijaribu. Nilimchorea mjukuu wangu twiga wa vipande vitatu: kiwiliwili kimoja na jozi mbili za miguu. Ubao uliitwa wa milimita 3, basi nikachora kila mwanya kwa upana wa milimita 3. Nikalipa, nikarudi na vipande vyangu katika bahasha, tukakaa mkekani kuviunga. Twiga hakusimama. Miguu ilicheza, shingo ikalala, na mtoto akaniuliza kama mnyama yule ni mgonjwa.

Kosa lilikuwa langu, si la mashine. Kwanza, jina la ubao silo kipimo chake. Nilipoupima kwa kalipa, unene wake ulikuwa milimita 2.8. Pili, mwali wa leza nao hula ubao, kama msumeno uachavyo unga. Kiasi kiliwacho hutegemea mashine na ubao wenyewe. Safari ile kilikuwa yapata milimita 0.2, nusu yake kila upande wa mstari. Hivyo mwanya niliouchora kwa 3 ulitoka na 3.2, ukatiwa ubao wa 2.8. Nafasi tupu ya milimita 0.4 yatosha kumwangusha twiga. Hesabu ya haki ilikuwa kutoa: 2.8 kutoa 0.2, mwanya uchorwe 2.6.

Hapana budi, basi, kukata kwanza kipande cha majaribio. Chora kijibao mfano wa kitana, chenye mianya ya 2.4, 2.5, 2.6, 2.7 na 2.8, kila mmoja na namba yake. Kisha chomeka humo ukingo wa ubao ule ule utakaoutumia. Mwanya ambamo ubao huingia kwa kusukumwa na kidole gumba, wala hauchomoki ukigeuzwa chini juu, ndio wako. Plaiwudi hubonyea kidogo, kwa hiyo yavumilia kubanwa. Plastiki ya akriliki haibonyei, nayo ikilazimishwa hupasuka. Iachie nafasi kidogo zaidi.

Ama kina cha mwanya, gawa nusu kwa nusu. Iwapo vipande viwili vinakutana kwa kimo cha milimita 40, kimoja kikatwe 20 kutoka chini, na cha pili 20 kutoka juu. Ndipo kingo zitakapolingana. Umbo zima lijaribu kwanza mezani kwa karatasi ngumu ya boksi na mkasi. Kazi hiyo watoto waiweza, na kosa la boksi halina gharama.

Neno moja la hadhari. Usimpelekee fundi plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji. Ikichomwa na leza hutoa hewa ya sumu idhuruyo mapafu, na ambayo huila mashine kwa kutu. Wala mashine ikikata isiachwe peke yake, kwani ubao waweza kushika moto.

Twiga wa pili amesimama juu ya kabati, na mjukuu humvunja na kumuunga kila jioni. Mimi nimemlipia mara mbili. Wewe, ndugu msomaji, kwa kupima kwanza waweza kumlipia mara moja. Tukutane Jumapili ijayo.