Dawa ya Pamba na Wakati Wake

Wako ndugu zetu wa visiwani wanaouliza imekuwaje Unguja ikamaliza mbung'o, ilhali Biharamulo hupulizia pamba kila msimu na funza hawaishi. Swali hili ni la haki. Lastahili jibu, hasa kwa baadhi ya maofisa wanaoitaja Unguja kuwa kielelezo cha kila vita dhidi ya wadudu.

Mbung'o wa Unguja walitangazwa kutoweka mwaka 1997. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa, kisha madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, wakamwagwa kisiwani kwa ndege. Bahari ikawa ukuta, na hakuna mbung'o aliyevuka kuja kurithi mahali pa waliokufa.

Biharamulo haina bahari. Funza wa vitumba hali pamba peke yake. Hula mahindi, mtama na nyanya, na nondo wake huruka usiku kutoka shamba hadi shamba pasipo kujali mpaka wa wilaya. Mkulima wa Nyamiaga, kule Ngara, anayetegemea zaidi migomba, kahawa na maharage, asidhani habari hii haimhusu: funza huyu huyu hutoboa maganda ya maharage yake.

Basi kummaliza haiwezekani. Kumpunguza kwawezekana, na hapo jambo lote ni wakati. Yai huanguliwa kwa siku chache tu, na kifunza kikishaingia ndani ya kitumba, dawa haikifikii. Dawa inayofika ghalani baada ya hapo ni deni tupu, kwa kuwa pale inapotolewa kwa mkopo mkulima hukatwa thamani yake katika malipo ya pamba, imfae isimfae. Hii ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Taarifa za ofisini hupenda kuhesabu chupa zilizogawiwa. Je, mabomba ya kunyunyizia? Je, Bwana Shamba wa kumfundisha mkulima kukagua mimea, kuhesabu mayai na funza, ndipo aamue kupulizia? Kijiji chenye dawa tele na bomba moja bovu hakina dawa.

Tena kupulizia ovyo kuna malipo yake. Dawa huua pia wadudu rafiki wanaokula vidukari na mayai ya funza. Huko Australia, mwaka 1983, funza walionekana kuzizoea dawa za jamii ya pareto za viwandani, ambazo hazikuwa na umri mrefu sokoni. DDT iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2001, na endosalfani, iliyotumiwa sana katika pamba, ikafuata mwaka 2011. Na makopo matupu, ambayo watu huyageuza vyombo vya maji, yana sumu ile ile.

Kazi isiyohitaji fedha za kigeni ni kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo tarehe 15 Septemba, wadudu wakose pa kujihifadhi hadi msimu mwingine. Katika hili mkulima naye hana udhuru.

Upandaji huanza katikati ya Novemba, na maua huonekana miezi miwili hivi baadaye. Kwa hiyo dawa, mabomba na Mabwana Shamba yafaa wawe vijijini kabla mwaka haujageuka. Kinachofika Machi kirudishwe ghalani, wala mkulima asidaiwe.