Kale kasanduku ka Wi-Fi, nani anakafunga?

Jioni, kazi ikiisha, mu parcelle nyingi za Kolwezi na Likasi mambo ni yale yale: baba ameweka casque kwa mulango, watoto wanazunguka simu, mama anangojea sauti ya mwana mwenye iko mbali kwa kampi ya mine. Yote hayo yanapita mu kasanduku kamoja kenye taa, kenye tunaita ruteri. Tunakalipia kila mwezi, tunakapanguza vumbi. Lakini hatujiulizi hata siku moja kama kamefungwa vizuri.

Ruteri ni kompyuta. Ndani yake mna programu, na programu inaweza kuwa na tundu.

Tuchukue kisa chenye kinatugusa sisi watu wa madini. Ruteri za MikroTik, kampuni ya Latvia, zinapendwa sana na wenye kugawa intaneti, juu bei yake si kali. Mwaka 2018 programu yake ilikutwa na tundu: mtu wa mbali aliweza kuiba majina na maneno ya siri, kisha kuingia sawa mwenye nyumba. Mwezi wa nne kampuni ikatoa dawa, tena ya bure. Watu wengi hawakuiweka. Mwezi wa nane zikakutwa ruteri zaidi ya 200 000 zimeshikwa, za kwanza kule Brazili. Wezi walifanya nini? Walichimba. Ndiyo, walichimba! Mtu akifungua ukurasa, kompyuta yake inaanza kufanya hesabu za kutafuta makuta ya Monero, na faida inaenda kwa mwizi. Sisi tunajua uchungu wa kutoa jasho na mwingine akapima kilo zake. Wale walichimbishwa bila hata kujua kama wameshuka mu shimo.

Kule kule Brazili, tangu 2011, modemu milioni 4 na nusu zilibadilishwa kitabu cha anwani. Unaandika jina la banki yako bila kukosea herufi, unafika kwa nyumba ya mwizi yenye kufanana na ya banki.

Kuna wenye watasema: sisi tunatuma makuta kwa nyota na dièse tu. Ni kweli, ile inapita kwa mnara wa simu, haipiti mu ruteri. Lakini ukitumia aplikasyo ya banki kwa Wi-Fi, inapita mule. Na simu ikikuonya kama ukurasa si wa kuaminika, usibonyeze kuendelea, hata ukiwa na haraka namna gani.

Kijana mwenye alituwekea ruteri yetu aliacha « admin » kwa jina na « admin » kwa neno la siri. Tulivumbua kisha mwaka muzima. Sisi tulizania neno tunalowapa wageni wa Wi-Fi njo lile lile la kufungulia ruteri yenyewe. Hapana, ni mawili, na la pili ndilo kubwa. Lenyewe libadilishwe siku ya kwanza. Kisha programu iongezewe dawa kila inapotoka, na mulango wa kuongoza ruteri toka inje ufungwe, juu nyumbani hakuna mwenye anauhitaji. Ukinunua ya mkono wa pili sokoni, shika sindano, bonyeza kale katundu ka nyuma mpaka irudi sawa mpya, kisha anza upya. Ile ya zamani yenye kampuni haitengenezee dawa tena, iachwe, hata kama taa zake zinawaka vizuri.

Lakini tusibebeshe mama wa nyumba mzigo wote. Mwenye kutuuzia intaneti anajua kudai makuta tarehe moja. Ajue pia kutuambia nani anaweka dawa, na aandike hivyo kwa karatasi ya mkataba. Mechanicien hakuuzii gari bila freni halafu akakuambia utaziweka mwenyewe.

Na kwa kampi za mine, kwenye watu mamia wanalala na kupiga simu nyumbani kwa ruteri moja, tunaomba madelegue wa syndicat waulize mu kikao chenye kinakuja: ruteri ile nani anaitunza, na dawa ya mwisho aliiweka siku gani?